Mkwe Nyuma ya Rafu ya Vitabu

Katindiuka, Ifakara

Mayu, mama yangu, shikamoo.

Pokea magoti yangu yote mawili kutoka huku bondeni, maana hata karatasi haiwezi kukusalimia ikiwa imesimama. Goti lako la kushoto linasemaje? Shija, jirani yetu anayekuletea barua hii, alipotoka huko mara ya mwisho aliniambia alikuona mnadani unatembea bila fimbo na unagombana na mtu juu ya bei ya mbuzi. Nilifurahi sana. Mama akigombana mnadani, watoto wake walioko mbali hulala usingizi. Na pamba imeotaje? Mvua imewafikia, au bado inazunguka Bariadi tu kama kawaida yake?

Wifi Kabula, najua ni wewe unayesoma. Shikamoo zangu nitakupa mwishoni. Kwa sasa nakuomba usome polepole, na ukifika mahali panapokuchekesha usicheke peke yako kwanza huku Mama anasubiri. Msomee kama ilivyo.

Ningeweza kupiga simu, Mama. Lakini simu ya kaka Masanja ikiwekwa sauti kubwa boma zima hunyamaza lisikilize, na wewe ukikasirika unamrudishia mwenyewe simu yake na kwenda kutazama ndama. Karatasi huwezi kuikata. Ukiikasirikia itakaa hapo hapo kwenye kigoda mpaka hasira iishe, kisha Kabula ataendelea.

Sisi wazima. Bonde la Kilombero limejaa, maji yamefika mpaka yanapofikaga, na mpunga unachanua. Maduhu, baba wa watoto, yuko Chita tangu mvua zianze, ana shamba kule na analala kwenye dungu, kile kichanja cha mlinzi, akiamia ndege wasile mpunga. Anarudi akikosa chumvi. Hao ndege wadogo, Mama, mtu asiyewaona hawezi kuamini. Wanashuka kama vumbi, na ukikaa kula tu wamekwisha kuvuna kabla yako. Kwa hiyo mimi niko hapa Katindiuka na ng'ombe wachache tuliobaki nao. Nakamua, nagandisha, na asubuhi napakia ndoo ya mtindi kwenye baiskeli naingia mjini. Ng'wasi, mjukuu wako, anakaa Lipangalala na mume wake na mtoto wao. Kulwa wetu wa jina la kurithi anatembea sasa, ana tumbo kubwa na sauti ya babu yake.

Sasa habari yenyewe. Kaa vizuri. Mwanao nimerudi shule.

Usishtuke, na Kabula usicheke. Ilianza na mvua. Nilikuwa na ndoo yangu, mtindi umebaki kidogo, na mvua ikaja ile ya huku isiyobisha hodi. Nikakimbilia baraza la karibu, na baraza lenyewe likawa la maktaba ya mji. Nimepita pale miaka yote bila kujua ndani kuna nini. Nilijua ni nyumba ya watoto wa sekondari wenye mashati meupe. Kwenye baraza kulikuwa na meza imetandikwa kitenge na bango limelowa mvua, na nyuma ya meza amekaa binti mmoja mwembamba, amejifunga mtandio, anaonekana amekaa muda mrefu bila mtu. Akanikaribisha nikae mvua ipite. Kisha akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nilidhani anataka kununua, nikamjibu kwamba mtindi ni wa jana na umekolea.

Anaitwa Mwalimu Neema. Kazaliwa Dar es Salaam, umri wake na Ng'wasi wanalingana, na anafundisha chuo kimoja cha ufundi cha hapa mjini. Akanieleza kwamba chuo chao kinataka watu wazima, wale ambao shule iliwaacha njiani, lakini watu wazima wakifika getini wanaona vijana na sare wanageuza. Ndiyo maana wameileta meza maktaba. Maktaba mlango wake ni wa kila mtu, alisema, hakuna anayeulizwa cheti. Masomo yatafanyika humo humo ndani mara mbili kwa wiki mpaka karibu na mavuno, kusoma, kuandika, hesabu na mambo ya biashara, na atakayevumilia mpaka mwisho atachukuliwa chuoni kusomea ufundi anaoutaka, hata kama hana kidato cha nne.

Nikamwambia binti huyo maneno mazuri, nikapanda baiskeli yangu, nikaondoka. Mama, nilifika Katindiuka na ndoo ile ile ya mtindi uliobaki. Nilisahau kuuza.

Unajua mwenyewe. Nilipofaulu darasa la saba, Baba alisema wa kike mmoja akisoma ni ng'ombe wangapi wamepotea, na wewe ukaenda jikoni ukakaa umetupa mgongo. Sikukulaumu wakati ule, na sasa nina mkwe na mjukuu ndiyo kabisa silaumu mtu. Lakini hamu haikuniisha. Nilifikiri imeisha, nikaolewa, nikazaa, nikahama na ng'ombe kutoka Maswa mpaka huku, kumbe ilikuwa imejikunja tu mahali. Maduhu aliporudi kuchukua chumvi nikamwambia, akacheka mpaka akakohoa, akauliza kama nitavaa na soksi nyeupe. Kisha akasema nikasomee mambo ya maziwa, maana kila mwaka tunamwaga mengi kuliko tunayouza. Hapo nikajua amekubali. Ndiyo ninayotaka kusomea, Mama: kutengeneza jibini na siagi na mtindi wa kufungwa vizuri, usioharibika ukisafirishwa mpaka Morogoro.

Siku ya kwanza nilifika mapema. Pale mlangoni sakafu inang'aa, na mimi nimetoka matopeni, basi nikavua kandambili nikaziacha nje nikaingia pekupeku. Waliokuja nyuma yangu wakaona kandambili mlangoni, wakadhani ndiyo sheria ya nyumba, wakavua nao. Mwalimu Neema alipokuja alikuta viatu vimejipanga kama msikitini, akaogopa kuuliza, akavua vyake. Bibi Kresensia, Mpogoro anayetunza maktaba hiyo, alitutazama tu juu ya miwani yake. Ndiye anayepiga deki pale. Tangu siku hiyo hakuna aliyeingia na kiatu na yeye hajamwambia mtu kwamba viatu vinaruhusiwa.

Tuko watu wa kila namna. Kuna baba mmoja aliyekuwa mkata miwa kwenye mashamba ya sukari mpaka mgongo ukakataa, kuna mama wawili Wandamba wauza samaki wanaocheka kwa Kindamba ili tusijue wanamcheka nani, na wengine. Darasa ni moja tu na mwalimu ni mmoja. Hilo likumbuke, Mama, maana shida yangu yote imetoka hapo.

Wiki ya pili, nimekaa na daftari langu, mlango ukafunguliwa, akaingia mtu ameshika kandambili zake mkononi. Nikainua macho. Mkwe wangu.

Mume wa Ng'wasi, Mama. Jina lake sitaliandika, unajua mwenyewe, mkwe hatajwi. Ni fundi baiskeli pale Lipangalala, kijana wa Kisukuma aliyezaliwa huku huku, alifiwa na baba yake akiwa darasa la tano, akaacha shule akashika spana. Sikujua kwamba naye ameandikishwa. Yeye hakujua habari zangu. Tangu amuoe binti yangu hatujawahi kukaa chini ya paa moja. Nikienda kwao kumwona Kulwa, mimi hukohoa uani na yeye hutoka kwa mlango wa nyuma. Tukikutana njiani mmoja hushuka kwenye baiskeli akaingia majanini. Ndivyo ulivyonifundisha na ndivyo alivyofundishwa. Sasa tuko chumba kimoja, na kiti kilichobaki wazi ni cha pembeni yangu.

Alisimama pale kama mtu aliyekanyaga moto asijue aruke upande gani. Mimi nilichukua gazeti la mezani nikajifunika uso. Mwalimu Neema, mtoto wa mjini, akamwambia karibu baba, kaa hapo na mama. Mkwe akarudi kinyumenyume mpaka nje akasimama barazani, akasikiliza somo lote kupitia dirishani. Mwalimu alifikiri ni mtu mwenye haya.

Lakini yaliyofuata ndiyo mabaya. Ilipofika zamu yangu ya kusoma kwa sauti, Mwalimu akanipa karatasi ya mahudhurio nisome majina ya wenzangu, ili tufahamiane. Nikasoma vizuri, jina baada ya jina, sauti inatoka. Nikafika kwenye jina la mkwe. Nikanyamaza. Mwalimu akasubiri. Akaniambia taratibu, mama usiogope, jaribu silabi moja moja. Nikatazama chini. Akaja akainama, akaweka kidole chake chini ya jina, akanitamkia herufi ya kwanza ili nimfuatishe. Wale mama wa samaki wakaguna kwa huruma. Mama, nimesoma darasa la saba, nimefaulu, na nilikaa pale watu wananihurumia kwamba nimeshindwa jina la mtu, jina ambalo ningelisoma hata gizani. Na yeye mwenye jina yuko dirishani anasikia. Ningefanyaje? Heshima si utumwa, wewe ndiye uliyeniambia, lakini siku ile ilikaribia kabisa.

Nilirudi nyumbani nimeamua. Mimi nimekwisha kuishi, nina mifugo na mume. Yeye ni kijana, ana mke na mtoto, akisomea umeme anavyotaka familia ya binti yangu itasimama. Kipindi kilichofuata sikwenda. Nilituma salamu kwa yule baba wa miwa kwamba naumwa kichwa.

Nilikuwa nafagia zizi, baiskeli ikasimama kwa kishindo, akashuka Ng'wasi na Kulwa mgongoni. Mjukuu wako ana ulimi, Mama, na sitasema kautoa wapi. Hakunisalimia.

"Mama, mume wangu amekaa nyumbani leo anasema anaumwa tumbo. Haumwi. Amekuachia wewe kiti. Na wewe uko hapa unafagia. Kwa hiyo leo wote wawili mmeheshimiana, na viti vyote viwili viko tupu. Nani amefaidi?"

Alikaa kwenye jiwe akalia, kisha akaninyooshea kidole, mimi mama yake, akasema amekuwa akinisikia toka utoto nikiwauliza yeye na kaka zake leo mmefundishwa nini, na akimsikia mumewe akisoma kwa taabu maandishi ya kwenye kopo la mafuta ya mnyororo, na kwamba hatakubali adabu yetu ituue wote kwa ujinga. Alitumia neno hilo hilo. Nikamwambia aoshe uso. Nikampa maziwa.

Kumbe Mwalimu Neema naye alikwisha kuuliza. Yule baba wa miwa, ambaye amekaa na Wasukuma miaka mingi, ndiye aliyemfahamisha. Wanasema Mwalimu alishika kichwa. Aliposikia habari ya lile jina alitaka kupanda bodaboda aje kunipigia magoti siku ile ile, lakini barabara ya huku ilikuwa chini ya maji. Aliyepata dawa ni Bibi Kresensia. Wapogoro nao wana heshima yao kwa mkwe, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa. Hakuita kikao. Aliwaita wanaume wawili, akawaamuru waondoe vitabu kwenye rafu moja ndefu, ile inayotazama dirisha, waisogeze mpaka katikati ya chumba, wairudishie vitabu vyake. Kisha akatuma neno Katindiuka na neno Lipangalala: njooni, nyumba ina vyumba viwili sasa.

Basi tukarudi. Mimi upande wa mlango, mkwe upande wa dirisha. Mwalimu anasimama penye mwisho wa rafu anatuona wote, sisi hatuonani. Namsikia akikohoa. Namsikia akikuna kichwa hesabu zikimkataa, maana za sehemu zinamsumbua, na mimi za sehemu nazijua kwa sababu ya maziwa. Mwanzo nilivumilia. Baadaye nikashindwa. Nikaanza kuiambia rafu. Nasema, wewe rafu, kama kuna mtu anasumbuliwa na robo na theluthi, amwambie mwalimu achore chapati. Upande wa pili penseli inaanza kuandika. Siku moja daftari langu lilianguka likateleza chini ya rafu likaenda kwake. Lilirudi limesukumwa polepole na rula, na kona iliyokunjika imenyooshwa.

Wale mama wa samaki wanasema rafu yetu imesoma kuliko sisi sote.

Sasa nikufikishe kwenye siku iliyonifanya niandike. Kuelekea mwisho Mwalimu alisema kila mtu asimame aeleze kwa nini alikuja. Alisema wakubwa wa chuo wanataka kujua, lakini nadhani ni yeye aliyetaka. Mimi nilisema habari ya maziwa na jibini, maneno mafupi, nikakaa. Ilipofika upande wa dirisha, nikasikia kiti kinasogea, mkwe amesimama. Ana sauti ndogo kwa mtu wa mabega yale. Hakusema na mimi. Asingeweza. Alisema na darasa.

"Mimi nimeoa kwa watu ambao mama yao akipita na baiskeli mbele ya shule, anapunguza mwendo. Mke wangu ndiye aliyenisimulia. Anapunguza, anasikiliza watoto wakisoma kwa pamoja, kisha anakwenda zake na maziwa. Miaka yote. Nikajiuliza, kama mtu yule bado ana hamu, mimi ninaogopa nini? Ndiyo maana nimekuja. Na kama huko chuoni nafasi itakuwa ni moja, mimi narudi kwenye baiskeli zangu. Iwe yake."

Mama, sikujua kama kuna mtu ameniona. Nilidhani napunguza mwendo kwa sababu ya matuta. Nililia pale pale, nikalia bila aibu, na gazeti la kujifunikia halikuwepo. Unamfundisha mtu asikutazame usoni, kumbe amekuona kuliko wanaokutazama kila siku.

Nikasimama. Nikaweka mkono kwenye vitabu.

"Wewe rafu, mwambie aliye nyuma yako kwamba nafasi ni mbili. Mwambie akiacha yeye, mimi nitakuwa nimeacha kabla yake, na ataenda yeye kumweleza mke wake."

Kisha nikasikia, "Rafu, mwambie nimesikia."

Tumechaguliwa wote wawili. Yeye umeme, mimi maziwa. Tunaanza baada ya mavuno.

Na hapa ndipo ninapokuhitaji, Mama, sasa hivi, kuliko siku niliyokuhitaji kwenye uchungu wa kumzaa Ng'wasi. Tulipelekwa kutembezwa chuoni. Miezi ya mwanzo wote wanasoma pamoja, umeme na maziwa na ushonaji, chumba kimoja, madawati ya kukaa wawiliwawili, na mchana wanapika wenyewe na kula kwenye sinia moja kwa makundi. Hakuna rafu. Nilimweleza mkuu wa chuo, mtu mstaarabu, akasikiliza vizuri, akasema anachoweza ni kumpa mmoja wetu nafasi ya mwakani. Mkwe alipopata habari alisema ni yeye atakayengoja. Mimi nikasema ni mimi. Lakini mwakani ni neno la watu wenye muda. Mimi mwakani nitakuwa na mjukuu mwingine mgongoni, na yeye atakuwa na deni la tumbo la familia, na hakuna atakayerudi. Ninajijua na ninamjua.

Nikaenda kwa wazee wetu wa Kisukuma wa hapa. Wakanikumbusha kitu ambacho nilikuwa nakijua nikakisahau: mkwe hafungwi milele. Bibi wa binti aliyeolewa, mama wa mama yake, ndiye anayefungua. Anapika kwa mkono wake, anamlisha mkwe tonge, anamlisha binti yake, yaani mama mkwe, tonge kutoka chombo hicho hicho, anasema maneno yake, na tangu siku hiyo wanaweza kukaa, kula na kuitana. Ilitakiwa kufanyika Kulwa alipozaliwa. Haikufanyika kwa sababu hukuwepo. Nikauliza kama unaweza kusema maneno kwenye simu, na mimi nikapika. Bi Holo, ambaye ni mkubwa wao, alinitazama kwa huruma. "Simu inabeba sauti," alisema. "Mkono haiubebi."

Kabula, hapa soma polepole zaidi.

Mama, najua ulichosema siku tunaondoka na ng'ombe. Ulisema tunakwenda kwenye maji na mbu na wewe hutatia mguu huko, hata kwa harusi hata kwa msiba. Ng'wasi akaolewa, hukuja. Kulwa akazaliwa, hukuja. Sikuandika kukudai. Siku ile ulikuwa unalia, na mtu akilia husema maneno makubwa kuliko anavyotaka, kisha anakaa miaka akiyalinda kama shamba la mpunga. Hakuna ndege anayekuja, Mama. Shuka kwenye dungu. Hakuna atakayekukumbusha ulichosema. Maduhu nimemwonya, na Ng'wasi amejionya mwenyewe.

Ukija wakati wa mavuno, maji yatakuwa yamepungua. Barabara ya kutoka Morogoro siku hizi ina lami sehemu kubwa, hutaumia goti. Masanja akusindikize mpaka Morogoro, na hapo mkwe ameomba aje kukupokea yeye. Wewe huna la kumwogopa: wewe ni bibi, yeye ni mume wa mjukuu, ninyi ni watani. Utamwita mume wako na utamtukana njia nzima, na yeye atacheka, maana najua ana hamu ya kutaniwa na mtu wa nyumba hii. Chandarua kipya nimekwisha kukitundika. Kitanda ni cha mbao ya mninga, kimepangwa upande usiovuja. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huku tunaumwa, Mama.

Nisalimie kaka Masanja, mwambie kwamba barua hii haimhusu ila nauli inamhusu. Salamu kwa shangazi Nkwimba na macho yake, kwa mjomba Luhende anayepigana na fisi, kwa watoto wote wa boma na kwa mama mkunga jirani aliyenishika nilipozaliwa. Wifi Kabula, shikamoo zako hizi hapa, na asante kwa sauti yako. Ukimaliza usikunje karatasi haraka, mwache Mama aishike kidogo, hata kama haisomi.

Mkishuka kwenye basi hapa Ifakara utanikuta. Mkwe atakuwa amebeba mzigo wako, atakuwa anatangulia bila kugeuka. Mimi nitakuwa nyuma, bila kumwita. Tutatembea hivyo mpaka Katindiuka, wewe ukiwa kati yetu, na kila mmoja atakuwa anaongea na wewe, mpaka utakapochoka kutubebea maneno, uagize moto uwashwe, uingie jikoni.

Ni mimi binti yako ninayekusubiri,
Milembe